Kona Iliyokosekana Kwenye Ramani ya Wakoli

Haya sikuambiwa na mtu. Nilikuwa pale pale kwenye benchi ya Abdinasir muuza kahawa, karibu na msikiti, Kitale mjini, na macho yangu hayajawahi kudanganya mtu aliyeninunulia kikombe. Wakoli alifika saa nne asubuhi akihema. Chama chao cha wakulima kilikuwa kinaandikisha bima ya mahindi, na orodha ingefungwa saa saba siku hiyo hiyo. Kila mkulima alitakiwa kuzunguka mpaka wa shamba lake na simu, simu ichore ramani. Wakoli alikuwa amezunguka lake jana yake, huko njia ya Kiminini, na ramani ikatoka kama mkate ulioumwa: kona ya juu haipo. Na ndiyo kona ambayo mvua ya mawe hupiga kila mwaka. Waliomsikiliza ni mimi, pamoja na Mukhisa fundi wa simu, tunayemwita Injinia, na Kipchirchir, aliyewahi kumbebea sorovea mnyororo wa kupimia ardhi miezi miwili, kwa hiyo yeye ni Futi.

— Ulingoja kabla ya kuanza? Injinia akauliza.

— Kungoja nini?

— Kile kiduara cha buluu, bana! Simu ikiamka haijijui iko wapi. Unasimama nje, mbali na mabati, mpaka kiduara kinywee. Ndio utembee.

— Nilingoja.

— Na simu ulishika wapi? Futi akaingilia.

— Mkononi. Kidogo mfukoni.

— Mfukoni! Simu inataka kuona mbingu, wewe. Mficha uchi hazai!

— Futi, Abdinasir akasema akimimina, hiyo methali umeitoa wapi ukaileta hapa?

Mimi nikawatuliza. Kule Kachibora nimepima kilima kizima kabla ya chai ya saa nne.

— Satelaiti ni ng'ombe wa maziwa, nikasema. Ukiikimbiza, inanyima. Wakoli anatembea kama anafukuzwa.

— Ama ni miti, Injinia akasema. Mikaratusi inakula mawimbi.

— Kona hiyo haina hata kijiti, Wakoli akasema.

— Basi ni Mlima Elgon! Futi akasimama. Ule mlima una chuma tumboni, unavuta mistari yote upande wake. Nusu ya Kitale iko Uganda na hatujaambiwa!

— Si mlima, nikasema. Satelaiti yenyewe inaogopa mvua ya mawe. Ikifika kona inayopigwa, inafumba macho. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hiyo sasa ni sayansi, Injinia akakubali.

Wakoli akatazama saa. Saa tano kasorobo.

Hapo ndipo Jepchumba, anayeuza miche ya parachichi ng'ambo ya barabara, akaja kununua kahawa. Aliomba simu, akaweka picha ya angani chini ya ule mstari, akaikuza kwa vidole viwili.

— Shamba lenyewe si ndilo hili hapa, na kona yake? Huu mstari ni nyayo zako tu. Wakoli, hapa ulipita?

Wakoli akashusha sauti.

— Ng'ambo ya mpaka... mama yake Phelista amekodi pale. Alikuwa anapalilia maharagwe.

Sisi Wabukusu tulielewa. Phelista ni mkewe, na kwa mila yetu mwanaume hakaribiani na mama mkwe wake hivi hivi. Wakoli alimwona kwa mgongo, ameinama, akakata kona katikati ya mahindi kama mwizi.

— Sasa simu ingejua aje kuna mkwe? Jepchumba akauliza.

Injinia alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Na simu ikibebwa na Phelista, Jepchumba akaongeza, itakataa kuchora?

Wakoli alikuwa ameshaita boda. Nilipanda nyuma yake, sikutaka kusimuliwa. Tulipofika shambani Wakoli akampa Phelista simu, mwenyewe akabaki nyuma ya ghala. Phelista akauzunguka mpaka polepole, simu juu ya kiganja, akafika kona ya juu, akamsalimia mama yake, akaendelea. Ramani ikaenda kwa afisa wa bima saa saba kasoro dakika nne, naye akajibu kwamba imeingia. Kona ilitoka kali kama ya dirisha. Ekari tatu kamili.

Yote ni kama nilivyoyaona. Ila kwa hizo ekari, haki ya Mungu, simu ilisoma mbili nukta tisa. Hiyo nukta moja nimempimia mimi.