Suruali ya Kiboko

Benchi letu liko kwenye kibaraza cha fundi cherehani, kati ya mlango wake na bomba la maji ambalo halijawahi kufungika sawasawa. Mguu mmoja wa benchi umeungwa kwa mpini wa mwavuli, kwa hiyo anayekaa upande ule hujizuia kubishana kwa mwili mzima. Jumamosi hiyo tulikuwa wanne, na sote tumechoka, kwani shairi la mistari minne lilikuwa limetumalizia wiki. Fundi tunamwita Pindo. Wa pili ni Koma, aliyesahihisha magazeti miaka thelathini na moja. Yeye kastaafu, kalamu yake bado. Wa tatu ni Wakili, ambaye si wakili hata kidogo. Alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili mpaka mengine yakamwingia. Wa nne ni mimi, mwenye ofisi ya tafsiri mlango wa pili, na kahawa huwa inatoka kwangu.

Shairi alilitunga Pindo mwenyewe, Jumatatu, kwa ajili ya mjukuu wake. Muhula uliopita binti huyo alisimama mbele ya shule nzima, maneno yakampotea, wenzake wakamcheka hadi akashuka jukwaani. Tangu siku hiyo anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Jumamosi hiyo saa tisa wazazi walikuwa wakutane shuleni, naye kaomba apewe nafasi tena. Alimwambia babu yake neno moja tu: safari hii anataka wacheke pale anapotaka yeye.

Pindo akachukua karatasi ya kaki anayokatia ruwaza za nguo, akaandika:

Kiboko kaja kwa fundi, akitaka suruali,
Wakaitwa nyani kundi, washike futi kwa mbali,
Wamzunguka kipindi, wakarudi Jumapili,
Kiboko: "Ibane, fundi, mimi mwembamba kwa kweli."

Kisha akafanya kosa. Akatuonyesha.

Kwa bahati mbaya Pindo hafuti kitu. Ukimrekebisha, anaandika rekebisho lako kwenye kipande cha karatasi, anakibana kwa pini juu ya neno la zamani, anasema "sawa". Kufikia Jumamosi shairi lilikuwa nene kama kola ya koti.

— Tusome tulipofika, alisema Koma. Mstari wa kwanza.

Pindo akavuta miwani.

— "Mnyama fulani mwenye umbo, aliyehitaji vazi la heshima."

— Kiboko kaenda wapi? niliuliza. Jana alikuwepo.

— Nimemtoa, alisema Wakili. Dada yangu, wewe umemwona mwalimu mkuu wa shule ile? Umemwona kiuno chake? Mtoto asimame mbele yake aseme kiboko, halafu aseme suruali. Hiyo ni kesi. Nimeona watu wakifungwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

— Umeona mafaili, alisema Koma.

— Faili ni mtu, ndugu yangu. Mtu aliyelala.

— Basi na hao nyani? niliuliza.

— Nyani nimewaacha, ila wawe na vitambulisho.

Koma alisonya. Yeye tatizo lake tangu Jumatatu lilikuwa kwamba neno "fundi" limetokea mara mbili, na katika magazeti yake jambo hilo lingemfukuzisha mtu kazi.

— Na jambo la pili ni hili, alisema. Kiboko ni mnene. Anasema ni mwembamba. Huo ni uongo, tena anausema mwisho, penye kubaki masikioni mwa mtoto. Ndiyo maana nimeongeza ubeti. Kiboko anakiri kosa, anaomba radhi, anaanza mazoezi.

— Kiboko anakimbia asubuhi asubuhi, nilisema.

— Kwa afya yake.

— Nyie mnahangaika na tumbo, alisema Wakili, na benchi likayumba. Tumbo silo lenyewe. Jiulizeni, mbona wamezunguka siku zote hizo? Mbona wamerudi Jumapili? Ofisi Jumapili zimefungwa. Hao nyani ni wapima ardhi. Kiuno kile ni mpaka. Pindo kaandika habari ya mpaka, kaificha ndani ya suruali.

— Pindo, umeandika habari ya mpaka?

— Mimi niliandika kiboko, alisema Pindo.

— Haoni mwenyewe, alisema Wakili kwa huruma. Watunzi huwa hawaoni.

— Kama ni mpaka, alisema Koma, na ukibanwa, maana yake kuna watu wanahamishwa. Shairi zima linageuka. Inabidi tuweke ubeti wa wahamishwaji.

— Na wa fidia, alisema Wakili.

— Mtoto ana dakika mbili, nilisema.

Nisijitoe. Kijikaratasi cha pembeni, chenye mwandiko mzuri kuliko vyote, kilikuwa changu. Jumatano nilieleza kwamba kicheko cha mstari wa nne kinatokana na msigano wa nafsi na kioo chake, nikashauri tumtayarishe msikilizaji kwa mistari miwili ya utangulizi. Chuo nilimaliza zamani, lakini kuna siku kinanitoka kama jasho. Pindo alikibana kwa pini mbili.

— Babu Pindo, nilimwambia, hivi wewe mwenyewe unalionaje shairi hili?

— Mimi niliishia darasa la tano, mwanangu. Nyie ndio mnaojua. Mngeniambia bega la koti limepinda, ningebisha. Haya mambo ya maneno nawaachia.

Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililonichosha kuliko mpaka na fidia pamoja. Bomba lilidondosha matone kadhaa. Wakili akanyoosha kikombe, nikammiminia. Ikatoka nusu kikombe, tena ya baridi.

Mjukuu alifika akiwa na sare iliyopigwa pasi na babu, mikunjo yake inaweza kukata mkate. Akatuamkia mmoja mmoja kwa ile sauti yake ya chinichini, tukamwitikia kwa sauti kubwa mno, kama watu wenye hatia. Pindo akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili.

Akasoma. Midomo ilikuwa ikienda. Akapita kwa mnyama fulani mwenye umbo, akapita kwa nyani wenye vitambulisho, akapita kwenye utangulizi wangu bila kupunguza mwendo, akafika kwa kiboko wa mazoezi. Akarudi juu. Akashuka tena, sasa kwa kidole.

— Babu, aliuliza, hapa wanacheka wapi?

Koma alilitazama bomba. Wakili aliinama akafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Mimi niliinua chupa ya kahawa kumimina, yakatoka machicha.

Pindo aliichukua karatasi, akaiweka juu ya goti. Akachomoa pini ya kwanza, akaishika kwa midomo kama anavyofanya akiwa kazini. Akachomoa ya pili. Kila pini ilipotoka kipande kilianguka chini, na kila mmoja wetu alikiona chake kikienda. Pini zilikuwa kumi na saba. Hata angekuwa na la kusema asingeweza kulisema.

Ilipobaki kaki peke yake, imetobokatoboka, alimrudishia.

Binti alisoma upya. Kidole kilishuka mstari wa kwanza, wa pili, kikazunguka na nyani, kikafika wa nne, kikasimama. Mabega yake yakapanda kidogo.

— Ni hapa, alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtoto wa miaka tisa.

Pindo aliitikia kwa kichwa. Binti akakunja karatasi mara mbili, akaaga, akashika njia ya shule.

Koma alifunua kalamu yake, akaitazama ncha, akaifunika.