Ukungu wa Saa Sita Kule Atelie

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, na mara hii wenye sauti ya bass nao wasikike! Mimi ni Papa Gloire wa Bihambwe, yule munayemwona nyuma kabisa katika kwaya, karibu na ngoma. Mwaka jana mahali pangu palikuwa patupu. Leo nimesimama mbele yenu na pumzi yangu yote, na sitaki kuificha!

Munajua ninachonga vyuma kule Mushaki, katika atelie, karakana ya Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Butembo. Yeye ni Mkatoliki, mimi Mprotestanti, tunataniana asubuhi mpaka jioni na kazi inaenda. Lori likivunjika kipande, kinu cha mihogo kikiharibika, wanatuletea. Mashine inazungusha chuma, kisu kinakichonga, na kwa kuwa chuma kinapata moto sana, bomba linakimwagia maji meupe bila kukoma. Ni maji yaliyochanganywa na mafuta, ukiyaona utasema ni maziwa. Musiyanywe!

Basi kikohozi kikaanza. Kwanza kidogo, kama cha mtu anayebisha hodi. Kisha kifua kikabana. Nikipanda mlima wa kwetu nilikuwa nasimama njiani na kujifanya naangalia maharagwe ya watu. Katika kwaya nilianza wimbo pamoja na wenzangu, nikaumaliza peke yangu nje, nimeshika ukuta. Ndugu zangu, nililia! Mwanaume mzima, kwa ajili ya wimbo!

Nikaenda hospitali, huko Mweso. Wakapima, kifua kikuu hakuna. Daktari akaniuliza kazi yangu, nikajibu: mkulima. Kwetu mtu mwenye shamba la maharagwe ni mkulima, hata akiwa askofu. Akanishauri niepuke moshi wa jikoni. Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango, maana jikoni mimi huonekana siku ya Noeli tu.

Nikafunga na kuomba nyumbani juma zima. Kikohozi kikaondoka, haleluya! Nikarudi kazini, na jioni ile ile kikarudi. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kaka yangu mkubwa, Papa Bahati, alisema huu si ugonjwa, ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo huku kila mtu anaiogopa na hakuna aliyewahi kuiona. Na aliyenipa, watu wa familia wakasema, ni Mama Furaha.

Mama Furaha ni mjane aliyekimbia vita na watoto wake. Anakaa katika kibanda cha shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, kwenye kiwanja cha kaka yangu. Kila asubuhi nikipita kwenda kazini alinipa kikombe cha mashanza, yale maziwa ya kuganda, kwa moyo mweupe tu.

"Njo ile mashanza!" kaka akasema. "Ukibakia ku nyumba, haupite kwake, unapona. Ukienda ku kazi, unapita kwake, unakohoa. Unataka alama gani ingine?"

Moyo wangu ulikataa, lakini hesabu ya kaka ilikuwa sawa. Familia ikaamua: Jumapili baada ya ibada, Mama Furaha avunje kibanda chake aende. Aende wapi na watoto? Hakuna aliyeuliza. Niliumia, ndugu zangu, kuliko nilivyoumia kifuani.

Nikamkimbilia Mama Rebeka, kiongozi wa mamama wa maombi. Yule pale, ameanza kucheka tayari! Akaniambia watakwenda kuomba palepale ninapokohoa. Jumamosi wakafika atelie, na vitambaa vyao vyeupe kichwani. Papa Kambale akavua kofia.

"Muombe, bamama," akasema. "Lakini musimwange mafuta ya upako ku mashini yangu, mafuta iko nayo ya kutosha."

Sasa munisikilize vizuri. Sisi watu wa milima hii tunazaliwa katika ukungu na kuzikwa katika ukungu. Kwa hiyo miezi ile yote tulipouona ndani ya atelie, tulisema umeshuka toka mlimani. Tukafunga madirisha. Ukazidi. Tukaziba matundu yote kwa magunia. Ukazidi tena! Tukasema, ah, mwaka huu baridi ni kali.

Mamama wakaanza kuomba kwa nguvu, na mimi nikaendelea kuchonga, maana kipande cha mtu kilikuwa kinangojewa. "Shindwa!" Mama Rebeka akapaza sauti, kisha akakohoa. Wa pili akakohoa. Baada ya muda mfupi kikundi chote kilikuwa kinakohoa, na shetani hakuna aliyemkumbuka tena. Mama Rebeka akakimbilia mlango, akausukuma wazi, akatoka kupumua. Kisha tukasikia sauti yake.

"Papa Gloire! Kuya hapa! Ukungu iko wapi?"

Nikatoka. Ilikuwa saa sita, jua linawaka, milima yote wazi, ng'ombe unawaona ng'ambo ya bonde. Nikageuka nyuma. Ukungu ulikuwa unatoka mlangoni mwetu kwenda nje!

"Hii ukungu haiingiake, inatokaka," Mama Rebeka akasema. "Na shetani gani huyu ananuka mafuta ya mashini?"

Papa Kambale akazima mashine. Ukungu ukapungua, ukaisha. Akaiwasha. Maji meupe yakagonga chuma kinachozunguka, yakarushwa na kuvunjika kuwa manyunyu membamba, ukungu ukapanda mbele ya macho yetu. Nilikuwa nakunywa maji yale kwa pua! Na kwa kuziba matundu, tulikuwa tumeufungia ndani sisi wenyewe.

Sikungoja. Nikaenda kumvuta Papa Bahati kwa mkono, nikamsimamisha karibu na mashine ikizunguka. Akakohoa! Akakohoa mpaka machozi, na hakuwa amekunywa mashanza ya mtu.

Baadaye tuliondoa magunia na kufungua madirisha. Pipa la maji meupe lilikuwa halijaoshwa kamwe. Tulikuwa tunaongeza mapya juu ya yale ya zamani, kama mtu anayeacha maziwa kidogo kibuyuni ili yagandishe mengine. Uvundo wake musiniulize! Tukalimwaga, tukaliosha. Tukapunguza nguvu ya bomba, maji yateremke polepole karibu na kisu. Tukafunika pale panapozunguka kwa sanduku la bati lenye kioo cha plastiki, na hatulifungui mpaka ukungu utulie. Tukaweka feni inayovuta hewa na kuitoa juu ya paa. Papa Kambale alilalamika sana juu ya bati, kisha akaleta bati nzuri kuliko ya nyumba yake. Nikarudi Mweso, nikasema kazi yangu ya kweli. Daktari akatikisa kichwa, akacheka. Na kifua kikafunguka polepole mpaka sauti ikarudi.

Lakini muujiza mkubwa ulikuwa Jumapili ile, kesho yake baada ya maombi ya atelie. Familia ilikuwa imekusanyika kwenye kiwanja. Mama Furaha alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Papa Bahati akaenda mbele yake, akaomba kikombe cha mashanza. Munajua desturi yetu: anayekupa kinywaji huonja kwanza, uone kwamba hakuna sumu. Mama Furaha akainua kikombe aonje. Kaka yangu akamzuia.

"Apana, mama. Leta hivi hivi."

Akanywa mpaka mwisho, mbele ya sisi wote.

Ndugu zangu, ninamshukuru Mungu kwa mapafu haya! Lakini ninamshukuru zaidi kwa kikombe kile. Wewe unayekaa hapa na jina la jirani unayemshuku moyoni, mwamini Bwana, yeye anajua ugonjwa wako unatoka wapi. Ukitoka hapa leo pita kwa jirani yule, pokea anachokupa, na usimwambie aonje kwanza.