Ng'ombe Niliowapitisha Wakati wa Ibada

Ndugu zangu, mchungaji ameniomba nisimame kwa sababu Jumatano bwana mifugo anakuja tena na sindano, na imesikika kwamba baadhi yenu mmeanza kuwakumbuka jamaa zenu wanaokaa mbali. Mimi nayajua mapenzi hayo ya ghafla. Niliwahi kuwa nayo. Basi nitawaambia yalinifikisha wapi, na wale mnaonijua vizuri msinisaidie kusimulia. Nitasema mwenyewe.

Wakati ule zizi langu lilikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Si wote wangu. Mnajua desturi yetu: mtu humpa mwenzake ng'ombe amfugie, yule mwenzake akanywa maziwa na kupata samadi ya shamba, na ng'ombe akizaa sana naye hupewa ndama wake. Ndivyo tunavyoshikana. Marehemu baba, aliyeona vita vya wakati wa Mjerumani, alikuwa akiniambia, "Usilaze mali yote zizi moja." Likiharibika huku, kule linabaki. Baba hakukosea. Lakini yeye aliwakimbiza ng'ombe wasichukuliwe na watu. Mimi niliwakimbiza wasipatwe na ugonjwa, kumbe ugonjwa walikwisha kuubeba kifuani.

Jumbe alitangaza kwamba homa ya mapafu imeingia bonde la jirani. Amri ya bwana shauri wa wilaya ikawa karantini: ng'ombe asitoke, asiingie, na wote wapelekwe kuchomwa sindano. Sindano yenyewe ya mkiani. Ndipo maneno yakaanza. Oo, upande wa pili mikia imevimba. Oo, imeoza, imekatika. Na kweli ilikuwepo iliyokatika, sitawadanganya. Mimi nikawaza mahari tu: nani atapokea ng'ombe asiye na mkia? Watu watasema nimewaletea mbuzi mkubwa.

Mke wangu ndiye alikuwa akikamua. Akaniambia, "Baba, huyu mwekundu anakohoa akiinuka asubuhi."

Nikamjibu, "Hapa kwetu na baridi hii, nani asiyekohoa asubuhi?"

"Basi mwambie bwana mifugo amtazame."

"Wewe kamua," nikasema. Hivyo tu. Mwenyewe yuko hapa, anasikia.

Nikachagua siku ya Jumapili. Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha: ninyi mlikuwa humu ndani, jumbe akiwa benchi la mbele, nami nikapitisha ng'ombe hapo nyuma, kati ya miti ile ya miwati. Wimbo wenu niliusikia. Nikafurahi kwamba ni mrefu. Nikawagawa kwa watu watano, na kila mmoja nikamwambia malisho yamenipungukia. Watatu nikawaacha zizini ili bwana mifugo akija asikute patupu. Nilijiona mjanja.

Mmoja wa watu hao watano ni dada yangu, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyeolewa ng'ambo ya Nyololo. Mumewe alikuwa amefariki. Shemeji zake walitaka arithiwe na mmoja wao, yeye akakataa. Aliwaambia, "Nina ng'ombe sita wa marehemu na nina vinyungu vyangu bondeni. Watoto wangu nitawalea mwenyewe." Na wakanyamaza, kwa sababu mwanamke mwenye ng'ombe sita na bustani ya maji anaweza kusema hivyo. Asiye navyo hasemi.

Nilimpelekea wawili, na mmoja wao yule mwekundu. Alitoka kunipokea, akawatazama, akauliza, "Kaka, hawa ni wazima?"

"Wazima kabisa," nikasema.

Alinipikia kuku.

Ugonjwa ule hauna haraka. Zilipita wiki kadhaa, hata mimi nikasahau. Kisha akaniita. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamesimama na shingo wameinyoosha mbele, viwiko vimetoka nje, kila pumzi inaugulia. Yule mwekundu wangu hakuwa na kitu. Kikohozi kilikuwa kimemwisha na alikuwa akinenepa. Ndiye aliyewaambukiza wenzake, naye alikuwa pale anatafuna.

Bwana mifugo alikuja na baiskeli, pamoja na jumbe wa huko. Bwana mifugo ni Mnyakyusa wa upande wa Mbeya, mtu mpole, asiyesema sana. Alimpasua yule aliyekufa kwanza mbele yetu, ili tuone. Pafu moja lilikuwa limegandamana na mbavu, gumu kama ini, na kifua kimejaa maji ya manjano. Akanawa mikono, akauliza, "Ng'ombe mgeni ameingia hapa?"

Dada yangu alinitazama. Nami nilikuwa natazama matope kwenye viatu vya bwana mifugo.

"Hakuna mgeni," dada akasema. "Wote ni wangu."

Alidanganya serikali kwa ajili yangu, mbele ya jumbe wake, na mimi nikamwacha adanganye. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama hapa na meza hii. Neno moja tu lingetosha: bwana mifugo angejua ugonjwa umetoka wapi na umekwenda wapi, na zile nyumba nne nyingine zingewahiwa. Sikulisema. Niliogopa jumbe, niliogopa wenye ng'ombe waliokuwa kwangu, niliogopa kuchekwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kwangu kilio kilianzia nyumbani kwa mwingine.

Wakafa mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nakwenda kumsaidia kuchimba. Siku tulipomfukia wa sita, dada hakulia. Alishika jembe akaniuliza, "Kaka, hata sasa hutasema?"

Hilo ndilo lililonivunja. Matusi ningeyaweza. Niliondoka palepale na udongo miguuni, nikaenda hadi kwa jumbe wetu. Nilimkuta barazani na wazee wanakunywa pombe ya ulanzi, na bwana mifugo akiwa ameketi na daftari lake. Nikasimama katikati nikasema: "Ng'ombe walioleta homa ng'ambo ya Nyololo ni wangu. Niliwatorosha. Na wengine wako nyumba nne." Nikazitaja zote.

Nilidhani bwana mifugo atanifunga. Alifunika daftari, akasema, "Kesho unionyeshe njia."

Tulitembea siku sita. Alinipa sharti moja tu: kila nyumba niseme mimi. Basi nyumba ya kwanza nikasema, ya pili nikasema. Ng'ombe wenye ugonjwa wakachinjwa, wazima wakachomwa sindano, nami ndiye niliyeishika mikia. Kuna mzee mmoja wa nyumba ya tatu, alisikiliza hadi mwisho, akaenda kuchukua fimbo, akanichapa mgongoni mara mbili. Bwana mifugo akageuka kutazama mlima. Mzee alipomaliza akaniletea maji ya kunywa. Nilistahili vyote viwili.

Ng'ombe wote kumi na mmoja niliowatorosha walikuwa wamekwisha kuambukizwa, wakachinjwa, na yule mwekundu na unene wake. Kati ya kumi na wanne walibaki watatu, wale niliowaacha zizini kumdanganyia bwana mifugo. Walichomwa sindano. Mmoja alipoteza nusu ya mkia. Yuko hadi leo na ananipa maziwa, maana mkia haunyonyeshi ndama.

Na dada? Bila ng'ombe, neno lake kwa shemeji zake liliisha. Hakurithiwa, hapo alisimama imara, lakini nyumba waliichukua na vinyungu wakaanza kulima wao. Anakaa kwenye banda la nyuma na watoto, anapika kwenye jiko la mwanamke mwingine, na hata chumvi anaomba. Nilimwambia arudi kwangu. Akajibu, "Kwako kuna nini?" Mwaka mzima uliofuata sikuingia kanisani. Nilikuwa mtu wa ulanzi, kuanzia msimu wa mianzi hadi msimu mwingine, na mke wangu akawa ananifuata njiani kama anafuata ndama. Bwana mifugo ndiye aliyenitoa. Alipita nyumbani akasema, "Nahitaji mtu anayejua wanavyoficha." Nikacheka kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo natembea naye.

Sasa niwashukuru. Namshukuru mke wangu, aliyeona kwanza na hakusikilizwa. Tangu hapo akisema ng'ombe anakohoa, nainuka. Namshukuru bwana mifugo, ambaye hajawahi kunikumbusha. Namshukuru jumbe, ambaye angeweza kunipeleka kwa bwana shauri akanihurumia. Namshukuru hata yule mzee wa fimbo.

Na ninyi nawaambia hivi. Ng'ombe akikohoa anapoinuka, au akiachwa nyuma na wenzake njiani, au akisimama ameinyoosha shingo, usimpeleke kwa mtu. Mtenge, tuma habari. Mkipokea ng'ombe wa kufuga, ulizeni mara mbili. Desturi yetu ni nzuri, lakini inakwenda na ukweli. Ukimpa ndugu yako ng'ombe mgonjwa kwa jina la desturi, umemwibia, nami ni mwizi wa namna hiyo.

Nimalizie. Mwezi uliopita mama mmoja wa usharika huu, Mungu amzidishie, alimpa dada yangu mtamba amfugie. Mtamba huyo akizaa, ndama wa pili ni wa dada, na kutoka hapo labda ataanza tena kuwaambia shemeji zake neno. Wiki mbili zilizopita mtamba akakohoa. Dada alituma ujumbe: "Mwiteni yule wa ng'ombe." Hakusema kaka. Nilikwenda nusura nakimbia. Nikamsikiliza kifua, nikampitisha mlimani nione kama atahema, nikamtazama anavyolala na anavyoinuka. Ilikuwa vumbi la pumba tu, watoto walimpa pumba kavu. Nikamwambia dada, "Ni mzima."

"Mzima kabisa?" akauliza.

"Mzima kabisa," nikasema, na nilikuwa nasema kweli.

Nilipofika nyumbani, jioni ile ile nikasikia kwamba amemtuma mtu hadi kwa bwana mifugo, amwombe aje kumtazama mtamba yeye mwenyewe.

Kesho yake nilikuwa naye bwana mifugo alipoinua baiskeli yake kwenda huko, akaniuliza kama nimeumia moyoni. Ndugu zangu, niliumia sana. Lakini nilimwambia aende upesi, kwa sababu dada yangu amefanya vyema.