Fundi Dastan Nyalusi na Mzigo wa Kupimia Magari

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Fundi Dastan Nyalusi anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu miaka ishirini na tisa katika karakana ya Ipogolo, hapa Iringa. Sisi wa Uhasibu tumeombwa tummwagie sifa. Yeye ameomba tusizidishe, na ameahidi kwamba tukizidisha atasimama atusahihishe.

Alizaliwa Kilolo, akajifunza ufundi Mbeya. Alipoajiriwa, magari mengi ya zahanati zetu hayakuwa na masega, ule mtungi wa kwenye bomba la moshi unaosafisha hewa chafu ya injini. Yalipoanza kuja yenye masega, Fundi aliyapokea kama mtu anayepokea wakwe, kwa heshima na kwa mashaka. Wapo mafundi waliokuwa wakiyang'oa na kuyauza. Yeye alisema huko ni kumtibu mgonjwa wa mapafu kwa kumtoa mapafu.

Namna yake ya kupima tunaijua vizuri, kwa kuwa tulikuwa sehemu ya vifaa. Dereva akilalamika kwamba gari linanguruma lakini haliendi, Fundi aligonga masega kwa nyundo ya mpira asikie kama yamevunjika ndani, akanusa moshi, kisha akaja Uhasibu kuchukua mzigo. Mzigo ni sisi. Gari lenye masega yaliyoziba, alieleza, likiwa tupu linaweza kukudanganya. Lipakie watu, lipandishe mlima kuelekea mjini, litasema lenyewe. Alitupanga kwa uzito, hadharani, bila kumung'unya maneno. Dada Lusia wa malipo alikalia kiti cha nyuma kabisa kwa miaka mingi, na alipoanza kupungua mwili Fundi alimlalamikia mkurugenzi kwamba vipimo vyake vinaharibiwa.

Pua yake nayo ilifanya kazi hata siku za mapumziko. Kwenye harusi ya dereva Jofrey, huko Ubaruku, alisikia harufu ya mayai viza, dalili mojawapo ya masega mabovu. Akainuka meza kuu, akakagua magari yote ya wageni. Yote yalikuwa mazima. Yaliyooza yalikuwa mayai ya jikoni, na wageni wakala wali na maharage.

Miaka mitatu iliyopita bodi iliamua kwamba Fundi akistaafu bila kumthibitisha mrithi, karakana ifungwe na magari yapelekwe gereji za mjini, yakapange foleni. Kwa zahanati kama ya Igowole, wiki mbili bila gari la wagonjwa si jambo la mzaha. Fundi aliletewa mafundi wanne, akawarudisha wote. Wa tano, Eveline, hakumrudisha, wala hakumsifu, wala hakumthibitisha. Tulianza kuiaga karakana kimoyomoyo, na tuliumia.

Mwezi Mei likaletwa gari la Igowole, milima limeikataa. Fundi akagonga, akanusa, akatupakia, akatangaza kwamba masega yameziba, yawekwe mapya. Alikuwa sahihi. Ndipo Eveline akasema kwa upole, "Samahani mzee, na aliyeyaua ni nani?"

Hilo lilikuwa swali la Fundi mwenyewe. Miaka yote alitufundisha, hata sisi wa Uhasibu, kwamba masega hayajifii. Ukiweka mapya bila kumtafuta muuaji, nayo utayazika. Siku hiyo alisahau kuuliza. Eveline akafunua injini akakuta koili moja, ile inayowasha cheche, imekufa: petroli ilikuwa inapita bila kuungua, inakwenda kuwaka ndani ya masega na kuyayeyusha. Akabadilisha koili kwanza, masega baadaye.

Fundi Dastan alinawa mikono taratibu, akamkabidhi Eveline nyundo ya mpira, akamfungulia mlango wa dereva. Kisha akatugeukia sisi, mzigo, akauliza yeye akae wapi.

Tulimweka nyuma kabisa, ubavuni mwa Dada Lusia. Gari lilipanda bila kusita mpaka mjini, na baadhi yetu tulikuwa tunalia. Bodi imeshapata jina la mrithi. Karakana haifungwi.

Asante sana, Fundi. Tunakuombea afya njema, mvua za kutosha Kilolo, na usingizi usiokatishwa na madereva. Ukipita Ipogolo, ingia. Kile kiti cha nyuma hatujampa mtu.