Bi. Kahaso, Mbwa wa Muyeye na Marufuku ya Vigelegele

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Bi. Kahaso Nyale, msimamizi wa wodi katika Kituo cha Wanyama cha Mjohoroni hapa Shella, Malindi, alistaafu rasmi Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba. Jumatatu iliyofuata alikuja kazini. Alisema amesahau ndala zake, lakini ndala zenyewe zilikuwa miguuni. Tulimwacha akawapitia paka wote mmoja mmoja, akanywa chai, akaenda zake nyumbani ameridhika.

Mhariri wa jarida letu alitaka nusu ukurasa. Nimemwambia haitoshi, na akikata hata mstari mmoja aje hapa mapokezi tuzungumze.

Bi. Kahaso ni mzaliwa wa Ganze. Aliajiriwa mwaka 1997 kuosha sakafu na vizimba, wakati kituo kilikuwa vyumba viwili vya makuti na daktari anayekuja akijisikia. Wafanyakazi wapya hawaamini wakiambiwa kwamba mama huyu alikuwa akiogopa mbwa. Aliogopa mno! Akiingia kizimbani alijibanza ukutani, akageuza uso upande, akafanya kazi yake polepole asimkere mwenye nyumba. Kumbe mbwa mwenye hofu ndivyo anavyopenda kuingiliwa. Mbwa waliokuwa wakiwabwekea wengine walimsogelea wenyewe wakamnusa mkono. Daktari wa siku hizo aliona, akamnyang'anya ufagio, akampa wodi.

Tangu hapo Malindi nzima imepita mikononi mwake. Ndiye aliyetuondolea desturi ya kuleta paka ndani ya gunia. Alimtaka kila mtu alete tenga, alifunike kwa kitambaa ili paka asione pikipiki na mbuzi njiani, na alitie ndani siku mbili kabla ya safari ili mnyama alizoee. Aliwasihi watu wasimvute mnyama aliyejificha chini ya kitanda. Na aliyemnywesha paka wake dawa ya kichwa ya binadamu alisomewa hadi akatamani kuugua yeye. Dawa ile ni sumu kwa paka, na Bi. Kahaso alikwisha kuwazika wengi mno kwa sababu yake.

Vita vyake vikubwa, lakini, vilikuwa vya leso. Mtu akisafiri na kutuachia paka, Bi. Kahaso humwomba leso aliyoivaa, isiyofuliwa, paka alalie harufu ya kwao. Jambo jepesi, au sivyo? Jamani, mwambie mama wa Malindi akuletee leso yenye jasho lake! Walikubali kwa mdomo, wakaenda nyumbani wakafua, wakapiga pasi, wakafukiza udi, wakaileta imekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Paka akiinusa anapiga chafya na kuhamia kona nyingine. Mwishowe Bi. Kahaso alibuni mbinu. Alimngoja mwenye paka afike na tenga lake, akamsifia ushungi wa leso aliojitanda kichwani, akamwambia auache uleule, kisha akamwazima mwingine wa kurudia nyumbani. Leso zake mwenyewe ngapi zilipotea kwa njia hiyo, Mungu anajua.

Sasa nije kwenye marufuku. Katika kituo chetu hakuna kupiga vigelegele. Ilianza pale mama mmoja alipokuja kumchukua paka wake aliyepona mguu. Kwa furaha aliachia kigelegele cha nguvu hapo hapo wodini, paka akapanda darini na mguu wake mpya, na ikatubidi tung'oe mbao mbili kumshusha. Kuanzia siku hiyo, ukipata habari njema unatoka nje ya geti, unavuka barabara, unapiga vigelegele vyako ukielekea upande wa duka, halafu unarudi kazini umenyamaza. Mtoto wangu alipofaulu mtihani nilifanya hivyo hivyo. Mwenye duka alinipa hongera bila hata kuuliza, maana alishatuzoea.

Kwa hiyo fikirieni mshangao wetu Bi. Kahaso aliposema kwamba siku ya kumuaga anataka vigelegele, tena uani kwetu, tena vya kutosha. Uongozi ulikuwa umepanga hafla katika hoteli ya ufuoni Kikambala. Aliikataa. Sababu yake ilikuwa mbwa.

Mbwa huyo anaitwa Randa, kwa kuwa alipokuwa mdogo aliitafuna randa ya bwana wake. Bwana wake ni Kyalo, fundi seremala anayepanga mtaa wa Muyeye pamoja na mkewe Mueni na mtoto wao mchanga. Mueni hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimwachia uziwi akiwa na miaka sita. Mtoto akilia, Randa humwendea Mueni akamgusa goti kwa pua. Mtu akibisha hodi, vivyo hivyo. Mwanzoni alifanya kwa hiari yake, wakamtunza kwa kipande cha samaki, akashika kazi. Kyalo akiwa karakana, Mueni na mtoto wanamtegemea mbwa huyo.

Mwezi wa Julai, Bi. Mwanasiti, mwenye nyumba wao, alimwoza mpwa wake uani pale pale. Bibi harusi alipotokeza, wanawake wakapiga vigelegele kwa pamoja. Randa alikuwa amefungwa nyuma ya jiko. Alikata kamba, akapita katikati ya meko, akapindua sufuria ya pilau, akamng'ata mkono mama aliyejaribu kumshika, akatokomea. Alipatikana siku ya pili karibu na uwanja wa ndege, anatetemeka. Yule mama aliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akapelekwa hospitali akachanjwa, ingawa Randa alikuwa na chanjo zake zote.

Bi. Mwanasiti si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alimvumilia Randa miaka mitatu kwa ajili ya wezi, na mifupa ya ng'ombe alikuwa akimpelekea mwenyewe. Lakini mwezi wa Novemba anamwoza kitinda mimba wake, na hawezi kuwaambia wanawake wa Malindi wakae kimya kwenye harusi ya bintiye. Alimwambia Kyalo wazi kwamba mbwa atoke, au watoke wote. Kyalo alizunguka Muyeye yote akitafuta chumba kingine, na kila mwenye nyumba akisikia mbwa anafunga mlango. Na mbwa aliyekwisha kung'ata, nani angempokea? Daktari Okoth, mkuu wetu, alitamka tulichokuwa tukikiogopa, kwamba huenda ikabidi alazwe kwa sindano, asiamke tena. Mueni alikuwa amekaa pale mapokezi na mtoto mapajani, akituangalia midomo. Sikuweza kumtazama.

Bi. Kahaso alikwenda Muyeye mwenyewe. Alimpa Bi. Mwanasiti shikamoo yake, akakaa mkekani, akazungumzia mvua, bei ya nazi na wajukuu mpaka chai ikaisha. Ndipo alipoomba muda hadi siku atakayostaafu. Bi. Mwanasiti alikubali kwa sharti moja, kwamba aone kwa macho yake, maana ahadi za watu wenye mapenzi na wanyama amezisikia nyingi. Bi. Kahaso akamkaribisha kwenye hafla. Vigelegele vitapigwa, alimwambia, na mbwa atakuwepo. Akikimbia au akimuonyesha mtu meno, hatamwombea tena.

Daktari Okoth alishika kichwa. Mimi nilimwambia Bi. Kahaso amechanganyikiwa, akanijibu kwamba huenda, lakini nilete dagaa.

Basi tulianza mwezi wa Agosti. Mtu mmoja alisimama mbali kule nyuma ya ukuta, akapiga kigelegele kidogo cha kunong'ona, na papo hapo Randa akapewa dagaa. Masikio yakilala nyuma, tunarudi mbali zaidi. Yakibaki wima, kesho tunasogea hatua moja. Hakuna kumkemea, hakuna kumkumbatia kwa nguvu, hakuna kuharakisha. Bi. Kahaso alitaka apige yeye, lakini miaka yote ile ya kunong'ona wodini ilikuwa imemharibia koo. Alitoa sauti ya mlango unaotaka mafuta, na hata Randa alimtazama kwa huruma. Kazi ikaniangukia mimi, na najisifu, kigelegele changu kinafika mbali. Jirani wa nyuma alikuja kuuliza harusi ni lini na mbona hajaalikwa.

Mwezi wa Septemba tulikaribia kushindwa. Gurudumu la lori lilipasuka hapo getini, na Randa akaingia chini ya gari la kituo, akagoma kutoka. Kyalo alitaka kumvuta kwa mnyororo. Bi. Kahaso alimzuia, akatandika leso mchangani, akajilaza kando ya gari na miaka yake sitini, mgongo amempa mbwa, akawa anaongea peke yake Kigiriama kuhusu shamba lake la mihogo. Tulikula chakula cha mchana, tukarudi, bado amelala pale. Randa alitoka mwenyewe akamlalia miguuni. Kesho yake tulianza upya kutoka nyuma ya ukuta, na Kyalo alikaa pembeni akifuta macho kwa mkono wa shati.

Siku yenyewe ikafika. Wagonjwa wengine tuliwahamishia chumba cha mbali, madirisha tukayaziba kwa magodoro. Geti lilifungwa, na Randa alikuwa kwenye kamba ndefu, imara, kwa amri ya Bi. Kahaso. Bi. Mwanasiti alikaa mstari wa mbele akijipepea kwa kipepeo chake, hataki soda, hataki sambusa, macho kwa mbwa. Mueni alikuwa ukutani, ameinama anamvalisha mtoto soksi. Daktari Okoth alimaliza hotuba, akamkabidhi Bi. Kahaso kiti cha kuegemea alichokichonga Kyalo, na wote wakageuka kunitazama mimi.

Nilimwangalia Bi. Kahaso, naye ameangalia pembeni, ukutani, kama anahesabu matofali. Nikapiga. Akina mama wote wakaitikia, na uani pakajaa vigelegele vya miaka ishirini na minane.

Randa alisimama. Masikio yakalala nyuma. Alitazama geti. Kisha akageuka, akatembea hadi kwa Mueni, akamgusa goti kwa pua.

Mueni aliinua kichwa. Alimwangalia mtoto, mtoto halii. Aliangalia geti, hakuna aliyebisha hodi. Ndipo akatuona sisi, vichwa juu, vinywa wazi, ndimi zinacheza, akaelewa. Alicheka, jamani, alicheka mpaka soksi ikamdondoka. Randa akajilaza juu ya mguu wake, na sisi tulikuwa bado tunapiga.

Bi. Mwanasiti aliweka kipepeo chake mapajani. Halafu akamwambia Kyalo kwamba siku ya harusi Randa asifungwe tena nyuma ya jiko kwenye joto lile. Akae chumbani na Mueni, mlango umerudishwa, na apelekewe nyama yake mapema. Baada ya hapo aliomba soda. Bi. Kahaso alilia bila kutoa sauti, na mimi nililia kwa sauti kubwa kwa niaba yetu wote.

Wodi sasa iko chini ya Gerishom, kijana wake aliyemlea kazini miaka sita, na amekwisha kuanza kunong'ona. Bi. Kahaso anarudi Ganze kwenye mihogo yake na wajukuu, na tumearifiwa kwamba mbwa wa majirani huko wameanza kujipanga mlangoni kwake.

Ahsante, Bi. Kahaso, kwa mikono yako na subira yako, na kwa leso zako zote zilizopotea. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na umri mrefu wa raha, na ukikumbuka ndala nyingine siku yoyote, njoo uzitafute. Mueni ametuandikia maneno yake tuyaweke hapa mwisho. Anasema mara ya mwisho kusikia vigelegele alikuwa na miaka sita, kwenye harusi ya shangazi yake, na tangu hapo furaha za watu huziona zikiwa zimekwisha kuanza bila yeye. Siku ya kukuaga, pua ya Randa ilimwambia mapema, wakati mmoja na kila mtu.

Pamela Lewa, Mapokezi