Kwaheri ya Tatu ya Don Eleuterio, Mlinzi wa Chan Nah

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulinda magofu ya Chan Nah, Don Eleuterio Canché anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Safari hii anastaafu kweli. Tunasisitiza hivyo kwa sababu alistaafu pia mwezi Desemba, akastaafu tena kabla ya Pasaka, na mara zote mbili asubuhi iliyofuata tulimkuta langoni na panga lake, anafyeka majani kana kwamba hakuna aliyemlilia jana yake. Doña Fidelia Poot, mkuu wa dirisha la tiketi, ameoka nguruwe shimoni mara tatu kwa ajili ya mtu yule yule.

"Mzee, nenda nyumbani!" alimfokea juzi mbele ya wageni. "Nguruwe wa kijiji wataisha kabla hujaisha wewe!"

Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, niliyeanza kazi mwaka jana tu, kwa kuwa wenzangu wanadai maneno yao yote yaliisha kwenye kwaheri ya kwanza.

Don Eleuterio alianza kazi wakati pwani yetu ilikuwa minazi na mbu. Leo Chan Nah imebanwa na hoteli kushoto na kulia, na kilichobaki ni ngazi zilizomomonyoka, mijusi wakubwa wanaoota jua, na kijumba kimoja cha mawe chenye mlango unaomfikia mtu kifuani. Ndani yake, ukutani, kuna alama ya kiganja chekundu, kidogo kama cha mwanamke. Wazee wa wazee wetu waliiacha hapo, na hakuna ajuaye ni cha nani. Mwenye kiganja hicho Don Eleuterio humwita Mwenye Nyumba.

Kimbunga kikubwa kilipokuja, aliuziba mlango ule kwa mbao za kitanda chake mwenyewe. Kiganja kilipona. Mkewe, Doña Socorro, bado hajapona. "Nililala chini miezi miwili," husema, "kwa sababu ya mkono wa mwanamke mwingine."

Na wageni! Wanatoka ufukweni na nguo za kuogelea, wanatazama kulia, wanatazama kushoto, wanauliza, "Ndiyo hii tu?" Mgeni mwenye adabu Don Eleuterio humwonya mapema: "Inama, mama, hiyo ni nyumba ya watu." Aliyeuliza "Ndiyo hii tu?" haonywi. Anagonga kichwa, na Don Eleuterio anamletea maji baridi huku akimwambia kwa upole, "Sasa mmefahamiana." Wakubwa wa ofisi walichoshwa na malalamiko wakamwamuru aweke kibao cha onyo. Akakiweka. Ndani.

Tuliudhika naye sana alipokataa kuondoka. Kila siku alitoa sababu ile ile: ofisi haijaleta mlinzi mwingine, na hoteli ya jirani imejitolea kutunza funguo. Sisi tuliona ni msaada. Yeye alisema hatamwachia Mwenye Nyumba mtu asiyemjua. Wenzangu wakamwita mbishi, nami nilikubaliana nao kimoyomoyo.

Kisha ikaja kwaheri ya pili. Huku kwetu sherehe ikikaribia tunapaka chokaa: mashina ya miti, mawe ya njia, ukuta wa kisima. Siku hiyo hoteli ilikuwa na harusi, na wapaka chokaa wake waliambiwa kila kinachoonekana kutoka ukumbini kiwe cheupe. Msimamizi wao alikuwa Wilberth Chuc, mtoto wa ubatizo wa Don Eleuterio mwenyewe. Wakapaka miti yao, wakapaka miti yetu, wakaendelea kuja. Na mtu wa kwetu hapaki chokaa nusu. Akipaka nje, anapaka na ndani.

Mkuu wetu alikuwa katikati ya hotuba ya kuaga. Don Eleuterio aliona ndoo inakatiza uwanja, akaacha sahani, akakimbia, akaketi mlangoni mwa kijumba.

"Baba, ondoka. Harusi ni saa kumi," Wilberth alimwambia.

"Paka."

"Nitapakaje na wewe umekaa hapo?"

"Anza na mimi."

"Baba, usinitie matatani. Nimeambiwa kila kinachoonekana."

"Mimi sionekani?"

"Unaonekana mno!"

"Basi nami nimo. Paka."

Chokaa ya brashi ilidondokea kofia yake. Ndiyo hiyo aliyovaa leo. Hakubanduka mpaka harusi ilipokwisha. Doña Fidelia alimpelekea sahani yake huku akimtukana njia nzima, na sasa kila picha ya bibi harusi yule ina mzee nyuma, mwenye kofia nyeupe, anakula nguruwe.

Wageni walipotawanyika, Wilberth aliinama akaingia. Akakitazama kiganja.

"Ningekipaka na hiki?" aliuliza.

"Ungekipaka."

Wiki iliyofuata Wilberth aliacha kazi ya hoteli, akaiomba ofisi nafasi ya mlinzi, ingawa mshahara ni mdogo. Mkewe hasemi naye, lakini chakula anamfungia. Amekubaliwa mwezi huu, na tangu hapo Don Eleuterio amemsahihisha namna ya kushika ufagio, kufungua lango, hata kuwatazama mijusi. Tumechoka kwa niaba ya Wilberth.

Jana Wilberth alikwenda kufagia kijumba peke yake. Alikuwa na haraka, akasahau kuinama. Sote tulisikia. Don Eleuterio alimletea maji baridi, akamwangalia anavyokunywa, akatoa funguo mfukoni akamkabidhi.

"Sasa mmefahamiana," alisema.

Asante, Don Eleuterio, kwa ubishi wako wote. Mwenye Nyumba yuko salama. Doña Socorro anakungoja, na kitanda kina mbao mpya. Tunakuombea usingizi mrefu na asubuhi zisizo na mgeni. Na kesho, tafadhali, usije. Ukishindwa kabisa, ngoja Jumapili, uingie bure kama wenyeji wote. Wilberth atakuonya mlangoni uiname.