Mheshimiwa Vyoo

"Vyoo? Mgombea mzima anapanda jukwaani kuomba kura kwa ahadi ya vyoo vya soko! Si aibu hiyo?" Mama muuza mapazia alipaza sauti mpaka dereva wa teksi akapunguza redio.

Fundi viatu aliyekaa pembeni yake ndiye alikuwa mgombea mwenyewe. Ila kwenye bango kavaa tai, na hapa ana gundi mpaka kwenye nyusi, nani angemjua?

"Sasa dada, wewe ungetaka nini kwanza?" fundi akauliza.

"Lami, kaka! Mwenzake kaahidi lami. Huyu wataishia kumwita Mheshimiwa Vyoo."

Fundi akacheka. "Mama yangu anauza nyanya kwenye soko hilo la mbele. Kutwa nzima hanywi hata tone la maji, maana pa kujisaidia hakuna. Lami itamsaidia nini?"

Dereva akazima redio kabisa.

"Lami ni lami," mama wa mapazia akanung'unika, safari hii kwa sauti ndogo.

Teksi ikasimama sokoni. Fundi akashuka, akajinyoosha kama mwenye tai. "Kura ni yako, dada. Ila ukiniona jukwaani, niite jina hilohilo. Tena kwa sauti!"

Akafunga mlango.